Ibrahimu alimwacha baba yake hai Harani? Naombeni ushauri, nimekwama

Bwana asifiwe wakuu. Kanisa limeniomba niende Katavi kuanzisha kituo cha injili na kila mtu ananisomea Mwanzo 12, "toka wewe katika nchi yako", mi mwenyewe wito nausikia kabisa siukatai, shida ni mzee wangu ana miaka 81 macho yameisha, jioni nikiweka ugali namshika mkono namuonyesha bakuli la mboga liko upande gani, na niko naye peke yangu. Sasa nikapiga hesabu. Tera, baba yake Ibrahimu, alikuwa na miaka 70 alipomzaa Abramu (ndo Ibrahimu huyohuyo, jina la kwanza), Abramu akatoka Harani na miaka 75, kwa hiyo Tera alikuwa na 145, na Biblia inasema alikufa na 205. Ina maana aliachwa miaka 60! Halafu Stefano kwenye Matendo 7 anasema Ibrahimu aliondoka baba yake akishakufa. Nishike lipi? Silali jamani.

Mzee wa Kigango: Mtumishi, Mwanzo 11:26 inataja watoto watatu kwa pamoja, haisemi Abramu ndo kifungua mimba, wengi wanaona alizaliwa Tera akiwa na 130, hapo Stefano anakaa sawa.

Binti Sayuni: @Mzee wa Kigango hapo sikubali, kama babake alizaa na 130 mbona yeye Mwanzo 17 anacheka kuambiwa atazaa na miaka 100? Torati ya Wasamaria, yaani nakala yao ya vitabu vya Musa, yenyewe inasema Tera alikufa na 145, mwaka uleule mwanae anaondoka, labda Stefano alifuata masimulizi hayo.

Mama Wawili: Mdogo wangu pole. Acha hesabu kidogo urudi Mwanzo 11:31, aliyewatoa Uru ni Tera mwenyewe, akamchukua Abramu, Sarai na Lutu wakaanza safari ya Kanaani wakaishia Harani. Mwanzo 15:7 na Nehemia 9 zinasema Mungu alimtoa Uru, na Stefano anasema alimtokea Mesopotamia kabla hajakaa Harani. Kwa hiyo wito ulianzia Uru na kipande cha kwanza walitembea na mzee! Halafu soma Yoshua 24:2, Tera ng'ambo ya Mto aliabudu miungu mingine, ndo nyumba ya baba aliyotolewa Ibrahimu. Wewe baba yako si ndo aliyekufundisha kusali? Hiyo aya wanaokusomea wasiitumie kukutenga naye. Umemwambia lakini?

Mzee wa Kigango: Mama Wawili umenena. Mi nasimama na 130 ila hilo la Yoshua sikuwa nimeliweka hapo.

Mleta mada: Nashukuruni sana. Dada Mama Wawili ukweli ni kwamba nilikuwa sijamwambia, niliogopa. Jana usiku nimemsomea zote, ya Yoshua, ya Waebrania "akatoka asijue aendako", nilipofika Isaya 51, Mungu anasema juu ya Ibrahimu "alikuwa mmoja tu nilipomwita", akaniambia rudia hapo, nikarudia mara tatu. Akakaa kimya muda mrefu mkono juu ya goti langu, halafu akauliza Katavi kwa basi ni siku ngapi, na kama kule mtu asiyeona anapata mahali pa kukaa nje asubuhi aote jua. Leo nimempigia mchungaji, nimemwambia tutafutiwe nyumba ya watu wawili.