Mbuzi kavimba chini ya taya na anabaki nyuma ya kundi: jipu au minyoo?

Zizi_Mvomero:
Wakuu, naombeni msaada. Mbuzi jike wa miaka miwili, mimba miezi mitatu. Wiki ya pili sasa anaachwa na wenzake malishoni, akifika kivulini analala. Manyoya yamesimama. Tangu juzi kavimba chini ya taya. Anakula, joto 39.1, kinyesi vidonge vya kawaida, ndiyo maana sikuwaza minyoo. Kundi zima lilinyweshwa dawa ya minyoo, albendazoli, Januari. Jirani anasema nipasue.

Mkunazi:
Usipasue! Bonyeza uvimbe kwa kidole, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Jipu la tezi ni gumu, mara nyingi liko upande mmoja, na asubuhi unalikuta vilevile. Maji ya taya hupungua usiku, kisha hujaa tena jioni baada ya kutwa nzima ya kuinamia majani. Mwangalie alfajiri kabla hujafungua zizi.

Bwana_Mifugo:
Hapo kwenye vidonge vya kinyesi ndipo wengi wanapopotea. Mnyoo anayenyonya damu kwenye tumbo la nne kwa kawaida haleti kuharisha. Mmoja anamaliza kama mililita 0.05 kwa siku; wakiwa 1,000 ni mililita 50. Mbuzi wa kilo 20 ana damu ya lita moja na nusu hivi, sasa piga hesabu ya wiki mbili. Damu ikitoka, protini nayo inatoka, maji yanavuja kwenye mishipa na kutuama sehemu ya chini kabisa ya kichwa. Kuachwa nyuma ni damu kukosa nguvu ya kubeba hewa. Kwa hiyo msimkimbize kumkamata. Aliyefikia hapo anaweza kufia mikononi.

Angalia kope. Mpeleke juani, kivulini rangi inadanganya. Gumba la mkono mmoja likandamize kope la juu taratibu, la pili livute kope la chini. Soma utando wa ndani mara moja, maana ukikawia unaiva wekundu kwa kushikwashikwa. Kadi ya FAMACHA kutoka Afrika Kusini ina rangi tano: 1 na 2 ni nyekundu, mwache; 4 na 5 zimepauka, mpe dawa leo. Namba 3 mwenye mimba mhesabu kama mgonjwa. Macho yakiwa na ugonjwa, usiyategemee.

Zizi_Mvomero:
Kishimo kimebaki. Kope nyeupe kama karatasi. Kifua sentimita 65, urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio 58. Nimpe kiasi gani?

Bwana_Mifugo:
65 × 65 × 58, gawa kwa 10,840: kilo 22.6. Albendazoli mmeshaitumia kwa kundi zima, na kunywesha wote kwa mpigo ndiko kunakobakiza minyoo sugu. Ningebadilisha kwenda levamisoli, dawa ya minyoo ya kundi jingine. Mbuzi huivunja dawa haraka kuliko kondoo, hivyo hupewa mara moja na nusu ya dozi ya kondoo, kama miligramu 12 kwa kilo. Ya asilimia 1.5 ina miligramu 15 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 18. Usizidishe: ikizidi utaona mate yanachuruzika na mwili kutetemeka. Dozi hii haiko kwenye lebo, mwonyeshe mtaalamu wako kwanza, na muulize siku za kuacha maziwa na nyama.

Bomba lipite pembeni ya mdomo hadi nyuma ya ulimi, kichwa kikiwa sawa. Ukikiinua juu, dawa inaingia mapafuni.

Konokono_Bonde:
Mkichunga kwenye majaruba ya mpunga, kumbukeni minyoo bapa ya ini. Inaleta taya lilelile na kope zilezile, na levamisoli peke yake haiigusi. Peleka kinyesi maabara uwaambie wayatafute mayai ya bapa kwa kuzamisha. Ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi kama ya minyoo mingine.

Mkunazi:
Na chakula, jamani. Dawa inaua minyoo, hairudishi damu. Mfungie karibu na maji, mpe majani ya lukina na mashudu ya alizeti. Wengine watolewe umande ukishakauka, maana viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi, zaidi sentimita chache za chini. Majani yakiwa mafupi kuliko kiganja, hamisha kundi.

Bwana_Mifugo:
Pima kinyesi leo kabla ya dawa, halafu tena siku ya 14. Mayai ya minyoo yasipopungua kwa angalau asilimia 95, hata hiyo levamisoli ina walakini hapo kwako. Kope za kundi lote kagua kila wiki mbili hadi masika yaishe.