Nyie mnaotaka "Bukele wetu", mnajua mnachoomba?

Wakuu, nimechoka. Kila nikiingia jukwaa la siasa nakutana na video ileile ya wafungwa wa El Salvador wamenyolewa vipara, wamepangwa sakafuni kama dagaa, na watu wazima wanaandika "huyu ndiye tunamtaka Bongo", yaani Nayib Bukele, rais wa nchi hiyo ya Amerika ya Kati. Haya, leo tuongee.

Sibishi kwamba magenge ya MS-13 na Barrio 18 walikuwa wanaua watu na kukusanya kodi kwa mtutu. Sibishi kwamba mauaji yameshuka sana. Ila mbona hamsemi Bukele alianzia wapi? Februari 2020 aliingia bungeni na wanajeshi wenye bunduki, kisa wabunge walikuwa wanasuasua kupitisha mkopo wa dola milioni 109. Mei 1, 2021, bunge jipya likiwa na siku moja tu kazini, chama chake kikawafukuza majaji wote watano wa mahakama ya katiba na mwendesha mashtaka mkuu. Siku hiyohiyo! Haikupita Septemba, majaji wapya wakagundua kwamba katiba iliyokuwa inamkataza rais kugombea mfululizo, kumbe inamruhusu. Akagombea 2024, akazoa zaidi ya asilimia 80. Julai 2025 bunge likafuta ukomo wa mihula ya rais kabisa na kusogeza muhula kutoka miaka 5 hadi 6. Museveni alianza kufuta ukomo wa mihula 2005, akaja kumalizia ukomo wa umri 2017. Huyu kijana kamaliza kila kitu ndani ya miaka 4 na kidogo, na anapigiwa makofi.

Ile hali ya dharura ya Machi 2022 ilitangazwa kuwa ya siku 30. Imeongezwa mwezi baada ya mwezi, miaka sasa. Waliokamatwa wamepita 80,000, na Bukele mwenyewe alikiri maelfu waliachiwa kwa kuwa hawakuwa na hatia. Ukiwa mmoja wao unamlilia nani? Jaji yupi?

Mei 2025 wakamkamata Ruth López, mwanasheria aliyekuwa anafukua ufisadi wa serikali. Naye alikuwa MS-13?

Sasa wewe uliyeandika jana "katiba hailiwi, bora dikteta mchapakazi", nijibu hapahapa: siku akiboronga, mnamtoa kwa njia gani? Na usiniletee "lakini mitaa iko salama", hiyo nimeshaikubali hapo juu. Matusi njoo nayo PM.