Mliokaa na Wafilipino: mtoto mwenye ulemavu wanampokeaje? Tupeane uzoefu

Binti_Tandika: Mfilipino tuliyekaa chumba kimoja Muscat kanitumia picha ya mwanawe mwenye Down sindromu akimaliza chekechea. Kwao wanamwita bahati ya nyumba, eti riziki ilifunguka alipozaliwa. Mlioishi nao, shusheni.

Mjuaji: Bahati, na mama yuko Omani anafulia watu? Kujifariji tu huko.

Binti_Tandika: Hela za kufua ndizo zinamlipia mazoezi ya kuongea. Tulia.

MkeWaCebu: Nimeolewa huku Cebu, ngoja niseme. Mwanetu alipoonekana ana usonji, mama mkwe aliniuliza nilitamani nini nikiwa na mimba. Akatupeleka kwa albularyo, mganga wao. Nta ya mshumaa ikadondoshwa kwenye bakuli la maji, ilipoganda akasema mtoto kakanyaga makazi ya viumbe wasioonekana. Wifi naye akamshukia kaka yake kwamba ni gaba, malipo ya ujana wake. Nikameza.

Lililoniliza ni Sinulog, sikukuu kubwa ya huku, Januari. Nyumba imejaa wageni, nguruwe mzima mezani, karaoke inanguruma. Mtoto simwoni. Kumbe babu yake kamfungia chumba cha nyuma, "asisumbuliwe na kelele". Analia na wimbo umemfunika. Mume wangu, ambaye hajawahi kumpandishia baba yake sauti, akamtoa, akampakata katikati ya wageni, akaanza kumchambulia nyama. Watu kimya, isipokuwa yule mwimbaji. Babu akanyanyuka akaondoka.

Aliyegeuka kwanza ni mama mkwe. Tulipopata kitambulisho cha ulemavu, chenye lile punguzo la asilimia 20 lililowekwa kisheria 2007, akakishika yeye. Keshia wa duka la dawa akisita, anasomewa sheria foleni nzima isikie. Ijumaa anampeleka mjukuu kanisani kwa Santo Niño, sanamu ya Mtoto Yesu, kumwombea mwalimu mwenye subira.

Baharia: Mama mkwe apewe maua yake.

Mjuaji: Kakubali mjukuu au kakubali punguzo?

MkeWaCebu: Vyote. Una shida?

Ustadhi_Kiasi: Mimi nimekwama hapo kwenye kitimoto.

Nesi_Doha: Jamani, nguruwe siyo mada! Mtoto akichelewa kuongea, daktari mapema. Waganga achaneni nao.

Baharia: Nesi, mganga mwachieni bibi. Bibi akitulia, nyumba imetulia.

Binti_Tandika: Na babu je?

MkeWaCebu: Anasema mtoto akikua ataacha. Tunamwacha aseme.