Tawi limevuka ukuta: embe ni la nani?

Kutoka: Mpangaji mgeni, Tudor

Ndugu zangu Watanzania wa Mombasa, salaam.

Nina miezi minne hapa. Nilidhani kwa kuwa lugha ni moja, basi na mambo mengine yatakuwa yaleyale. Wapi! Topetope likawa tomoko, parachichi likawa avokado, na sasa nimekwama kwenye embe, ambalo jina lake halikubadilika.

Nimepanga nyumba ya chini. Ukuta wa nyuma umepakana na uwanja wa bibi mmoja mtu mzima, mwenye mwembe wa ngowe ambao nusu yake, nasema kweli, iko kwangu. Majani nafagia mimi, asubuhi na jioni. Usiku popo wanakula na kuniangushia kokwa juu ya nguo nilizoanika. Mchana ni zamu ya kunguru: wanadonoa embe mara mbili tatu, wanaliacha lioze, na nzi wanahamia jikoni kwangu. Ya mwembe ule nayajua yote isipokuwa utamu wake.

Ijumaa iliyopita mwanangu wa miaka tisa alipigilia msumari kwenye mti wa ufagio, akatungua sita. La saba lilikuwa juu mno, akalipopoa kwa jiwe. Jiwe likatua kwenye mabati ya bibi. Hakutoka, hakusema kitu. Lakini tangu siku ile nikimwamkia hunijibu marahaba ya mkato, kisha hugeukia kuku wake. Kabla ya hapo tulikuwa tukizungumza ukutani mpaka chai inapoa.

Kwetu Muheza mtu akikatiza kwenye michungwa, akamenya mawili akala palepale, hakuna wa kumuuliza. Akijaza kiroba, huyo ni mwizi. Je, huku vipi? Tawi liko upande wangu. Nafagia mimi. Nina haki au sina? Yale sita bado yako kwenye ndoo, mabichi. Hata kuyagusa naona haya.

Kutoka: Mama Pacha, Kisauni

Usiyale kwanza. Nitaandika usiku watoto wakilala.

Kutoka: Karani mstaafu, Ganjoni

Nilikuwa karani wa wakili miaka mingi, mnisamehe nikiwa mkavu.

Kenya ilirithi sheria ya mazoea ya Kiingereza, ile inayojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyosimama tarehe 12 Agosti 1897. Karibu miaka mitatu kabla ya hapo, 1894, Baraza la Malodi kule London, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa, lilikuwa limeamua kesi ya Lemmon na Webb: tawi la jirani likivuka mpaka, unaruhusiwa kulikata pale mpakani, hata bila kumpa taarifa, mradi usiingie kwake. Watu wakifika hapo hushangilia, wakaondoka kabla ya kusikia la pili. Mwaka 1919, kesi ya Mills na Brooker, hukohuko Uingereza, jamaa alichuma matofaa ya matawi yaliyomvukia akayauza. Akaambiwa alipe. Tunda ni la mwenye mti, hata likining'inia juu ya kichwa chako. Hukumu hiyo ya 1919 haimfungi hakimu wa Mombasa, ila wakili wa mwenye mwembe ataisoma kwa sauti.

Kuna na Kanuni ya Adhabu ya hapa, kifungu cha 267. Kitu kilichoshikamana na kingine huwa cha kuibika pale kinapobanduliwa, hata kama mbanduaji ndiye mwizi mwenyewe. Yaani embe likiwa mtini haliibiki. Likishatunguliwa, limekuwa mali ya kuibwa. Mwanao amevuka mstari huo mara sita.

Kufagia hakukupi chochote. Ufagio haununui embe.

Haya yote nimeyaandika ili uyajue, si ili uyatumie. Ukienda kwa jirani na mwaka 1894 mkononi, utakayehama ni wewe.

Kutoka: Mama Pacha, Kisauni

Nimekaa. Pacha wamelala, mmoja anakoroma.

Dada yangu, wewe na karani wetu (shikamoo kaka) mmeanza na ukuta. Hapa mimi mwaka wa 19 sasa, na kilichochelewa kuniingia kichwani ni kwamba pwani hii ukuta hauulizwi kwanza. Unaulizwa mti. Mtu anaweza kuwa na nyumba juu ya ardhi isiyo yake, akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Majengo na huku kwetu nyumba za namna hiyo si kitu kigeni. Mwenye ardhi mmoja, mwenye nyumba mwingine, mpangaji wa tatu. Sasa simamisha mnazi katikati yao. Nao una mwenyewe, na si lazima awe mmoja wa hao watatu. Mnazi unarithiwa, unagawanywa, unawekwa rehani, na aliyeuza kiwanja anaweza kuwa hakuuza minazi iliyomo.

Nayajua haya kwa kuyalipia. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mnazi uani, umejaa hasa. Nikamwita mkwezi, akapanda, akaangua. Mtu akakuna, mtu akakamua, wali wa nazi ukaliwa mpaka kwa jirani. Mwisho wa mwezi akaja mzee mmoja na mkwezi wake mwingine, wameandamana na baiskeli yenye matenga. Akatazama juu, akanitazama mimi. Kumbe mnazi ule ulikuwa wa marehemu mama yake, na yeye huja kila miezi miwili mitatu kuangua. Mwenye nyumba wangu alilijua hilo toka mwanzo. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza, na sikumuuliza kwa sababu ulikuwa uani kwangu! Nililipa nazi. Mzee alikataa kuhesabu zile zilizokwisha kuliwa na watoto, Mungu ampe maisha.

Na mji wenyewe hauoni haya kwa hili. Panda matatu uhesabu: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, na sisi tukapewa Mwembe Tanganyika. Mtaa unapewa jina la mti.

Sasa la kufanya. Kwanza, usipeleke pesa. Pesa ukutani ni kama kumwambia bibi kwamba ujirani una bei. Pili, usimtume mtoto peke yake kuomba radhi. Nenda naye, baada ya alasiri, si asubuhi watu wakifua. Piga hodi mlangoni mbele, hata kama ukutani ndiko mnakozungumza siku zote. Jambo zito lina mlango wake. Salimia, kaa, kunywa utakachopewa. Usianze na embe. Ukiinua macho ukauona mwembe ulivyobeba, sema mashallah, tena kwa sauti, maana mti unaosifiwa na mgeni bila mashallah, halafu ukapukutika, wewe ndiye utakayetajwa. Ndoo iwe nawe. Ataiona.

Jingine, kwa wote wanaosoma: ukiona mti umefungwa kitambaa au umetundikiwa kichupa, hilo ni kago, dawa ya kulinda mti. Huhitaji kuliamini. Mwenye mti amekwisha kukuambia la kwake bila kufungua kinywa, inatosha.

Na kupopoa, jamani. Kuna mtu wa upembo, ule mti wenye ndoana, na kuna mtu wa jiwe. Mwenye upembo anachukua lililokomaa, tawi linabaki salama. Jiwe linaangusha changa tano ili kupata moja, halafu linashuka kwenye bati la mtu. Nina wasiwasi bibi yako hakuudhika kwa hesabu ya maembe.

Kutoka: Kijana wa fleti, Bamburi

Sisi ndani ya geti kuna minazi saba. Nilimuuliza mlinzi madafu ni ya nani, akasema ya tajiri, hayaguswi. Jumamosi nikamkuta anawauzia wa ghorofa ya tatu. Nikanunua mawili. Mwaka 1897 haukufika Bamburi.

Swali la kweli: na miti ya barabarani? Njia ninayopita kwenda kazini kuna mkungu na mkwaju, kungu zinaoza chini.

Kutoka: Babu, Likoni

Kijana, kungu ni za watoto wa mtaa, waachie. Ukwaju okota wa chini. Lakini utazame mti vizuri kabla hujainama: ukikuta pamewekwa benchi, na shina limemwagiwa maji, umekwisha kuwa na mwenyewe hata kama uko barabarani. Muulize aliyekaa.

Kuna mtu ameniandikia pembeni akiuliza dini inasemaje juu ya mpita njia. Wanazuoni hawakukubaliana. Wapo wanaomruhusu mwenye njaa ale palepale bila kubeba, kama hao wa Muheza, na wapo wanaotaka ruhusa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeruhusu ndoo.

Kutoka: Mpangaji mgeni, Tudor

Nimerudi sasa hivi. Nawaandikia mikono ikinuka utomvu.

Nilifuata maneno ya Mama Pacha yote, hodi mlangoni, mashallah, ndoo. Mtoto alijificha nyuma yangu mpaka bibi akamwita: "Na huyu mwana yuwapi? Ndoo nikuone." Mwanangu akamkabidhi ndoo, maana alisikia "ndoo"! Sikujua kwamba wenyeji wa zamani hapa wakisema ndoo wanaweza kuwa wanamwambia mtu njoo. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Sijui kama ningefika popote bila kosa hilo.

Embe, kumbe, si hoja. Jiwe lilipiga bati akiwa kwenye sijda ya alasiri, akadhani paa limeshuka. Hilo la kwanza. La pili ndilo sikulifikiria kabisa: mwembe ule amekwisha kuuuza. Si mti, mazao. Maembe yalipoanza kukomaa alikuja mchuuzi, akauzunguka, akakisia, akalipa kishika, yaani sehemu ya bei, na atarudi kutungua yeye mwenyewe na vijana wake apeleke sokoni Kongowea. Kwa hiyo kila embe linalopungua, bibi ndiye anayeonekana amekula pesa ya mtu halafu akala na embe lake. Alikuwa akinijibu mkato kwa sababu hakujua aanzie wapi kunidai kitu ambacho hata yeye si chake tena. "Ya mtini nishayauza," akaniambia. "Yaangukayo yenyewe ndiyo yangu na yako. Hata ya upande wako, okota tu, usiniulize."

Basi nimekuwa nikifagia na kutupa maembe ambayo ningeweza kula. Miezi minne! Aliyodonoa kunguru, alisema, kata upande wa mdomo wake, uliobaki tia kwenye achari.

Nilimwuliza tumlipe nini yule mchuuzi kwa yale sita. Akakataa, akasema atamweleza mwenyewe, ila mtoto atakuwa akija kila siku akitoka shule kuwafukuza kunguru mpaka siku ya kutungua. Mtoto amekubali haraka kupita kiasi. Nadhani ameuona mti kwa ndani. Nimemwambia bibi anichungie, amesema ana fimbo.

Karani, nilimsimulia ile kesi ya matofaa. Aliuliza kama yule Mwingereza na jirani yake walipatana baadaye. Sikuwa na jibu.

Yale sita ameyakata vipande palepale, chumvi na pilipili ya kusaga, akatujazia bakuli lake la udongo turudi nalo. Tumelimaliza njiani, na njia yenyewe ni kuzunguka ukuta. Sasa bakuli liko mbele yangu limeoshwa, na najua halirudi tupu. Nina unga wa ngano, nina sukari, dagaa wa Kigoma niliotumiwa, na nusu kilo ya mchele. Wenyeji, nitie nini?

Kutoka: Mama Pacha, Kisauni

Dagaa, dada. Chochote katika hivyo kinafaa, ila dagaa ndio hana. Embe tu ndilo usimpelekee.