Goma–Bukavu na watoto watatu: boti ya haraka, meli ya usiku au barabara?

MamaTatu_Himbi
Wapendwa, naomba ushauri. Likizo hii nawapeleka watoto kwa nyanya yao Bukavu, upande wa pili wa Ziwa Kivu. Niko na wa miaka 7, wa miaka 4 na mdogo wa miezi 10. Baba yao anabaki kazini, kwa hiyo ni mimi peke yangu na mikono yangu miwili. Nipande nini? Mara ya mwisho, kwenye boti ya haraka, yule wa katikati alinitapikia kitenge chote kabla hata hatujakipita kisiwa cha Idjwi, halafu akalia mpaka tukashuka.

PapaNeema
Mama, panda boti ya haraka tu. Masaa matatu hivi umefika. Ila chukua ile ya asubuhi kabisa, ziwa likiwa bado limelala. Mchana upepo unaamka, na Julai na Agosti ndiyo balaa. Na ukae nyuma. Kule mbele ndiko boti inapigapiga maji, tumbo la mtoto haliwezi.

Mwalimu_Keshero
Papa Neema, wewe unasafiri na simu na mkoba, ndiyo maana unaona masaa matatu ni kidogo! Mtoto wa miaka 4 akiambiwa akae bila kusimama, bila kuzunguka, nusu saa ya kwanza tu ni vita.

Mimi nasema meli ya usiku. Wanapanda jioni, wanakula, wanalala, wakiamka wanaona nyumba za Bukavu zimepanda mlima. Lakini uwe na kabini. Ukiikosa, ahirisha safari, maana kule kwenye viti ni televisheni usiku kucha, mizigo njiani, na kuku wa watu.

Na kuna kitu ambacho boti ya asubuhi haina: taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Binti yangu alikuwa na miaka 5. Nilimweleza kwamba ile ni mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, na miti mirefu inatoka mbele na nyuma kushika wavu. Nikamwambia pia sambaza si wenyeji wa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950. Akauliza: walikuja na meli? Alihesabu taa mpaka 41, akasinzia ameshika chuma cha dirisha. Sikutumia hata biskuti moja.

Kijana_wa_Kadutu
Barabara hamuitaji? Sake, Minova, Kalehe, Kavumu, kama kilomita 200. Faida ni moja: mtoto akitaka kukojoa, gari linasimama.

MamaTatu_Himbi
Kaka, kwa matope yale na zile kona, litasimama hata bila mtoto kuomba 😅 Na habari za njia zinabadilika kila asubuhi. Hapana.

Nesi_Mama_Aline
Dada, niongeze ya kwetu sisi wa dispansari. Mdogo hatakusumbua kwa kutapika, watoto chini ya miaka 2 huwa hawasikii sana kichefuchefu cha safari. Kinawashika hasa kuanzia miaka 2 mpaka 12, kwa hiyo macho yako yawe kwa hao wakubwa. Wape chakula kidogo kikavu kabla, mkate au ndizi, si chai ya maziwa na mandazi ya mafuta. Waangalie mbali, mlimani, si kwenye simu. Hiyo simu mnayowapa ili watulie ndiyo inawatapisha! Dawa ya kichefuchefu usimpe mdogo bila daktari.

Sasa la uzito. Tunakumbuka wote Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikazama mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, nchi kavu inaonekana kwa macho. Omba jile za watoto, yaani jaketi za kuokolea majini, *kabla* ya kulipa. Ya mtu mzima inamtoka mtoto kichwani akiingia majini, kwa hiyo tafuta yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Hakikisha majina ya wote watatu yameandikwa kwenye orodha ya abiria, hata huyo wa kupakata asiyelipa. Na ukiwa ndani usimfunge mgongoni kwa kitenge. Tumezoea, najua, lakini boti ikipinduka hutaweza kufungua lile fundo.

PapaNeema
Hilo la fundo sijawahi kuliwaza. Asante, mama.

MamaTatu_Himbi
Nimewaelewa. Basi kwenda ni meli ya usiku, kabini, na mdogo wangu wa kike nitamwomba anisindikize, nimlipie mimi. Kurudi nitaona ziwa limeamkaje. Jile ya huyu wa miezi 10 nani anajua inakouzwa hapa Goma, mpya, si ya kushonwashonwa?

Mwalimu_Keshero
Niko na ya binti yangu, imeshambana. Ni ya miaka 3 hadi 6, kwa mdogo itakuwa kubwa, lakini yule wa katikati itamkaa. Pita Keshero Jumamosi uje naye, tumpime.