Mjadala: Hivi mwigizaji wa sauti anahitaji kweli kujifunza kuigiza bila skripti?

Wakuu, huu ubishi hauishi kati ya watu wa sauti. Kuna wanaosema ukitaka kufanya hii kazi, iwe matangazo, katuni, gemu au kudabu (kuweka sauti ya lugha nyingine kwenye filamu), lazima upitie mazoezi ya kuigiza papo kwa papo, ile fristaili ya jukwaani, na kuna wanaosema huko ni kuchoma hela bure maana mteja kalipia maneno yake yasomwe kama yalivyo, mbwembwe zako hajaziomba. Mimi niko na wa kwanza, ila sio kwa sababu wanayoitaja kila siku.

Kila siku wanamleta Robin Williams, yule mchekeshaji wa Marekani, kwamba alivyoingiza sauti ya Jini kwenye filamu ya katuni ya Aladdin ya 1992 alimwaga vitu vingi ambavyo havikuwepo kwenye skripti na wachoraji wakachora kufuata sauti yake. Ni kweli, ila jamani yule ni Robin Williams, na walimchukua ili afanye hivyohivyo. Wewe unayesoma tangazo la mkopo hebu ongeza neno moja kwenye vigezo na masharti uone kama kazi haijarudishwa. Na kwenye kudabu ndo usiguse kabisa, mdomo wa yule wa kwenye skrini ukifunga na wewe uwe umemaliza.

Kwa hiyo faida haiko kwenye kuongeza maneno. Chukua gemu. Mara nyingi unaingia kwenye kibanda cha kurekodia peke yako, mbele yako jedwali la mistari isiyofuata mtiririko wa hadithi, na unayeongea naye hayupo, atarekodi siku yake. Mstari wenyewe ni "Nani yuko hapo?", basi. Dairekta anakwambia nipe tatu mfululizo, tofauti. Asiye na mazoezi anatoa ileile mara tatu, ya pili kapandisha sauti, ya tatu kapunguza spidi, ndo tofauti yake hiyo. Aliyezoea papo kwa papo anaacha maneno kama yalivyo, anabadilisha anayeulizwa. Kwanza ni mwizi gizani, pumzi inakatika kabla ya "nani". Halafu ni mtoto kajificha nyuma ya pazia miguu iko nje na yeye anajifanya hamuoni, tabasamu unalisikia kabisa kwenye "hapo". Ya tatu ni mtu anayemdai, anauliza huku anaomba asijibiwe. Hayo yote ndani ya sekunde kumi, hakuna muda wa kwenda kufikiria kwanza.

JIBU: Mkuu point yako naiona ila umeruka tatizo. Wanaotoka jukwaani wana mazoea ya ovyo, wanasubiri watu wacheke ndo waendelee na kibandani hakuna wa kucheka, wanatembea maiki inabaki nyuma, wakipandisha sauti mita ya kupima sauti inagonga nyekundu. Mtu ajifunze kwanza pumzi na kusoma kwa sauti kila siku, hiyo michezo ya kuchekesha watu baadaye.

MWANZISHA MADA: Maiki kwanza, hapo sikupingi hata kidogo. Ila kuchekesha ni tawi moja tu. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1963 cha kuigiza papo kwa papo ndo wengi wanakifuata mpaka leo, michezo yake aliianzia kwenye kufundisha watoto na wahamiaji, na shabaha ilikuwa mtu kuweka akili kwenye kitu kimoja na kumsikiliza mwenzake. Kichekesho kilikuja kuvuma baadaye, mwanae Paul Sills alikuwa mmoja wa walioanzisha The Second City, kundi la vichekesho vya jukwaani, pale Chicago 1959. Kwa hiyo ukienda darasani ukakuta wanafundisha utani tu, tafuta darasa lingine.

JIBU: Mimi naongezea usaili. Siku hizi wengi tunajirekodi nyumbani tunatuma, dairekta hayupo, maelezo ni mstari mmoja "mzee, mkali ila ana huruma". Usipokuwa na uwezo wa kujitungia huyo mzee anaongea na nani na kamkasirikia nini, utatuma sauti nzito tu kama wengine wote waliotuma.

JIBU: Bado sijashawishika, skripti nzuri inajitosheleza.

MWANZISHA MADA: Sawa, ila fungua lile jedwali la gemu mpaka chini. Utakuta "anaungua, ndefu", "anaanguka kutoka juu", "kapigwa ngumi ya tumbo, fupi". Hapo hakuna neno hata moja la kusoma, na bado watataka kila moja uitoe mara kadhaa zisifanane. Na hizo mwombe dairekta aziweke mwisho wa sesheni, maana ukianza nazo koo likikwaruza hiyo mistari mingine yote umeiharibu.