Naomba ushauri: nataka kutunza kifurushi cha Debian, mdhamini hapatikani

Mwana wa Likoni
Assalamu alaikum wakuu. Natumia Debian, mfumo huria wa kompyuta, kila siku na nimeamua kujitolea kutunza kifurushi kimoja kidogo kilichoandikwa kwa C. Nilionyeshwa na wnpp-alert, programu ya kutaja vifurushi vinavyohitaji mtu. Nimekirekebisha, nimekipandisha mentors.debian.net, tovuti ya wanaotafuta wadhamini, na hii ni wiki ya tatu hakuna mdhamini wa kukiingiza Debian kwa niaba yangu. Nyaraka nazo zimetapakaa: ukurasa huu wasema hivi, ule vingine, na bando laisha nikiwa katikati. Nifanyeje?

Fundi wa Tudor
Nyaraka usizisomee mtandaoni. `apt install debian-policy developers-reference debmake-doc`, zote zitakaa ndani ya /usr/share/doc, wazifungua hata bila bando. Ya kwanza yakwambia kifurushi kinatakiwa kiweje, ya pili watu wanavyofanya kazi pamoja, ya tatu yakushika mkono hatua kwa hatua. Amri usiyoijua, anza na `man`. Ukikosa, `dpkg -L` na jina la kifurushi itakuonyesha nyaraka zimewekwa wapi. README.Debian wengi huiruka, na mara nyingi jibu limo humo. Kurasa za kale zinazokuandikisha debian/rules (faili ya maagizo ya kujenga kifurushi) ndefu ziache. Siku hizi `dh $@` yatosha kwa vifurushi vingi.

Binti Kongowea
Ulijengea wapi? Ukijenga juu ya stable (toleo rasmi) ya laptopu yako, mdhamini akijaribu kwenye sid (tawi la maendeleo) huenda kikamfia mkononi. Tumia sbuild, programu ya kujenga vifurushi, na chroot (mazingira yaliyotengwa) ya sid. Mle hamna maktaba ulizozisakinisha zamani ukazisahau, kwa hiyo Build-Depends (kinachohitajika wakati wa kujenga) inayokosekana hujitokeza papo hapo. Kisha pitisha `lintian -i`, mkaguzi wa makosa ya vifurushi, juu ya faili ya .changes inayotokana na ujenzi.

Mwana wa Likoni
Dada, sbuild nimetumia na lintian haina neno. Shida ni mdhamini tu.

Nahodha wa Kizingo
Mwanangu, kabla hujaigusa debian/control (faili ya maelezo ya kifurushi), mstari wa Maintainer, yaani mtunzaji, ulikuwa na jina gani? Kifurushi yatima huandikwa Debian QA Group.

Mwana wa Likoni
Mzee, kulikuwa na jina la mtu. Lakini yuko kimya, hajibu hitilafu. Nimeweka jina langu kwa sababu kazi nimeifanya mimi, na watumiaji wanaumia.

Fundi wa Tudor
Hapo ndipo penye mwiba. Kukaa kimya si kukiacha. Wadhamini wanaliona jina lililobadilishwa na wanapita mbali.

Mpambe wa Bamburi
Mimi naona hadithi hii haikai. wnpp-alert huonyesha vilivyoachwa, vinavyotafuta mrithi na vinavyoomba msaada. Chenye mwenyewe asiyeomba chochote hakiwezi kutokea pale. Na mentors haipokei kitu kisichotiwa saini ya kidijitali ya OpenPGP. Kama umepandisha kweli, tuambie kilikuwa na kosa gani hasa.

Mwana wa Likoni
Sikutunga. Nilikosea jina: ilikuwa how-can-i-help, programu nyingine ya aina hiyo, ikisema kitaondolewa testing (tawi la kuandaa toleo lijalo). Ufunguo wa saini nimeusajili. Kosa ni "implicit declaration of function 'strcasecmp'", na GCC 14, kikusanyaji cha C, inakataa kuendelea.

Mpambe wa Bamburi
Basi niwie radhi. Hilo ni la kweli: GCC 13 ilitoa onyo tu, 14 imelifanya kosa. Dawa ni `#include <strings.h>`.

Nahodha wa Kizingo
Sasa chagua njia. Ukitaka kukitunza kweli, fungua hitilafu yenye kichwa ITS (nia ya kukiokoa kifurushi) dhidi ya kifurushi hicho, eleza ushahidi wa kutelekezwa, na ungoje siku 21. Mwenyewe akipinga, acha. Asipopinga, mdhamini hupandisha kwenye DELAYED, foleni ya kusubiri, siku zisizopungua 7. Ukitaka kuponya hilo kosa tu, NMU (marekebisho ya asiye mtunzaji) yatosha. Hitilafu inayozuia toleo, ikiwa na umri wa zaidi ya siku 7 na mwenyewe hajaigusa kwa siku 7, haihitaji hata kucheleweshwa.

Mwana wa Likoni
Siku 21 ni nyingi, mzee. Na kazi imekwisha.

Binti Kongowea
Ndiyo maana anza na NMU, kifurushi kisiondolewe ukingoja. Kile cha mentors kifute. Chukua chanzo upya kwa `apt source`, weka QUILT_PATCHES=debian/patches, `quilt new` na jina la kiraka (faili ya marekebisho), kisha `quilt add` faili KABLA ya kuihariri. Ukihariri kwanza, kiraka kitatoka kitupu. Maliza na `quilt refresh`, halafu `dch --nmu`: toleo 1.2-3 litakuwa 1.2-3.1. Tuma debdiff, yaani tofauti ya toleo la zamani na jipya, kwenye hitilafu yenyewe, uiwekee tagi ya patch, ndipo ufungue RFS, ombi la kutafuta mdhamini. Ukikwama, uliza #debian-mentors kwenye OFTC, mtandao wa gumzo la IRC.

Mwana wa Likoni
Nimekifuta. Na mstari wa Maintainer?

Nahodha wa Kizingo
Usiuguse.